Mlo kamili wa jioni ndani ya nusu saa: jibu kwa mama wa watoto watatu

Mama mmoja ameniandikia hivi: "Nina watoto watatu, wa miaka 11, 6 na 2. Mimi na mume wangu sote tunafanya kazi, na siku nyingi ninaingia nyumbani saa kumi na mbili na nusu jioni, watoto wakiwa wameshaanza kulia njaa. Yule mdogo lazima awe amelala ifikapo saa mbili na nusu. Nina jiko lenye nafasi ya sufuria mbili, friji yenye sehemu ndogo ya kugandishia, na sina msaidizi. Mara tatu au nne kwa wiki tunakula tambi tupu au mkate na mayai, na mtoto wa kati hagusi mboga. Nimejaribu mapishi ya haraka niliyoyasoma, lakini ya nusu saa kwangu yanakuwa ya saa nzima. Ninajiona mama mzembe. Nipike nini?"

Dada, nianze na hilo neno uzembe, kwa sababu haliendani na ulichokieleza. Mkate na mayai, ukiongeza tunda au nyanya zilizokatwa, ni mlo wenye wanga, protini na vitamini, na mtoto aliyeula amekula vizuri. Tambi tupu ndizo zinazonipa wasiwasi, hasa zinaporudiwa, kwa kuwa zinashibisha haraka huku zikimwachia mtoto pengo la madini ya chuma, nyuzinyuzi na mboga. Hilo ni pengo dogo lenye mipaka inayojulikana, na linazibika bila kukuongezea saa moja zaidi ya kusimama jikoni.

Umeniuliza upike nini, nami nitakutajia vyakula kwa majina na dakika zake. Lakini katika kazi yangu ya kushauri familia nimeona kwamba mapishi ya nusu saa huwa ya saa nzima kwa sababu moja inayojirudia: ile nusu saa huhesabiwa kuanzia kitunguu kikiwa kimekatwa, maharage yakiwa yameiva na nyama ikiwa imeyeyuka, ilhali wewe unaanzia mlangoni ukiwa na mkoba begani. Chakula cha haraka cha Jumanne huanza Jumamosi, na sehemu yake kubwa hupikwa wakati hakuna mtoto anayelia njaa.

Hebu itazame jioni moja kwa saa ya ukutani. Unafungua friji, unasimama mbele yake ukifikiri, na dakika saba zinapita kabla hujaamua. Unatoa nyama, ni jiwe. Unaiweka kwenye maji, kisha unaanza kumenya viazi, na muda wote huo jiko halijawashwa. Viazi vinapokuwa tayari ndipo unabandika maji, nayo yanahitaji dakika kumi nyingine kuchemka. Unavitia viazi vikiwa vizima, vinakula nusu saa. Ukijumlisha, utaona kwamba kazi ya mikono haikuzidi dakika ishirini, na sehemu iliyobaki ilikuwa kusubiri kitu ambacho kingeweza kuanza mapema zaidi au kuiva upesi zaidi.

Kwa hiyo jambo la kwanza kulifanya ukiingia, kabla hata ya kubadilisha nguo, ni kubandika kile kinachochelewa, yaani maji au mchele. Kama una birika la umeme, chemsha maji humo kisha uyamimine kwenye sufuria. Jambo la pili ni ukubwa wa vipande, na hapa naomba uniruhusu nieleze kidogo, maana ni mahali ambapo wapishi wengi hupoteza muda bila kujua. Joto huingia kwenye chakula kutoka nje kwenda ndani, na muda wa kufika katikati haukui sambamba na unene wenyewe: unene ukiongezeka mara mbili, muda hukaribia kuongezeka mara nne. Ndiyo maana kiazi kizima cha wastani huchukua dakika 25 hadi 30, wakati kiazi hichohicho kikikatwa vipande vya sentimita mbili huiva kwa dakika kumi hivi. Paja la kuku likipikwa zima linakaribia dakika arobaini, ilhali kidari kilichokatwa vipande vyembamba kama kidole huiva kwa dakika tano au sita kwenye kikaango chenye moto mzuri, mradi usivijaze vyote kwa wakati mmoja. Vikijazana, hutoa maji, maji hayo hugeuka mvuke, na utakuwa unachemsha kuku badala ya kumkaanga.

Sasa tuje kwenye Jumamosi, ambayo ndiyo sehemu yenye faida kubwa kuliko zote katika jibu hili. Nakuomba siku moja ya mapumziko utenge kama saa moja na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo utakuwa ukifanya mambo mengine huku sufuria zikijipikia zenyewe. Pika vitu viwili tu: maharage na rojo la nyanya.

Maharage yaloweke tangu jioni iliyotangulia. Asubuhi yamwage maji hayo, yasuuze, tia maji mapya na uyachemshe. Shirika la Afya Duniani linashauri kuloweka kwa saa 12 na kuyachemsha kwa nguvu angalau dakika 10, na ushauri huo una sababu nzito: maharage mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili ambayo haivunjiki mpaka yachemke kwelikweli, na maharage manne au matano tu yasiyoiva yanaweza kumletea mtu maumivu makali ya tumbo, kutapika na kuharisha. Ndiyo maana sishauri kuyaanzia kwenye sufuria ya umeme ya kupika polepole, kwa kuwa baadhi yake hazifiki kiwango cha kuchemka. Sufuria ya presha ni jambo jingine kabisa. Kwa kuwa mvuke umezuiwa kutoka, maji yake hupanda hadi karibu nyuzijoto 120 badala ya 100, na maharage yaliyolowekwa ambayo kwenye sufuria ya kawaida yangechukua saa moja au zaidi huiva kwa dakika 15 hadi 20 tangu presha ilipopanda. Kama kuna chombo kimoja ambacho ningeishauri familia yako ikiwekee akiba, ni hicho, na ningekitanguliza mbele ya maikrowevu.

Rojo ni kazi ya sufuria ya pili. Kaanga vitunguu vitano au sita kwa mafuta ya kiasi mpaka vilainike na kuanza kubadilika rangi, tia kitunguu saumu, karoti nne zilizokunwa na pilipili hoho mbili, kisha nyanya kilo mbili zilizosagwa au kukatwakatwa. Acha wazi kwenye moto wa wastani kwa dakika arobaini hivi, ukikoroga mara kwa mara, mpaka maji yapungue na mafuta yaanze kuonekana pembeni. Usitie chumvi nyingi, kwa sababu utaikoleza siku ya kuipika na kwa kiasi kinachofaa chakula cha siku hiyo. Rojo hili ndilo ile kazi ya kila jioni ya kukata kitunguu, kukaanga na kusubiri nyanya ziive, ambayo sasa umeifanya mara moja badala ya mara tano. Ligawe kwenye vikopo vya vikombe viwili viwili. La siku tatu za mwanzo liweke kwenye friji, lililobaki ligandishe. Maharage nayo yagawe hivyohivyo, kila kopo likitosha mlo mmoja wa watu watano.

Kupoza kwa vyakula hivi kunataka uangalifu kuliko kupika kwenyewe. Chakula kilichoiva kisikae nje zaidi ya saa mbili, kwa kuwa kati ya nyuzijoto 5 na 60 ndipo bakteria huongezeka kwa kasi. Sufuria nzima ya maharage iliyofunikwa itakaa na uvuguvugu katikati kwa saa nyingi, wakati maharage hayohayo yakitandazwa kwenye vyombo vipana vyenye kina kifupi hupoa upesi na kuingia kwenye friji kwa wakati. Kiporo kilichokaa kwenye friji kiliwe ndani ya siku tatu, kipashwe mara moja tu, na kipashwe mpaka kitoe mvuke hadi katikati. Wali unahitaji uangalizi zaidi ya vyote. Kuna bakteria ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na wali ukiachwa kwenye sufuria juu ya jiko usiku kucha mbegu hizo huamka na kutengeneza sumu ambayo kupasha hakuiondoi. Wali wa kiporo uingie friji mapema na uliwe kesho yake.

Ukiwa na vikopo hivyo, jioni yako inabadilika sura. Nitakueleza chakula kimoja kwa dakika zake, kisha vingine nivipitie kwa haraka kwa kuwa mwendo ni uleule.

Tuseme ni jioni ya adesi, yaani zile dengu ndogo nyekundu zilizobanguliwa, ambazo hazihitaji kulowekwa na kwangu ndizo rafiki mkubwa wa familia yenye haraka. Unaingia saa kumi na mbili na nusu. Unaosha gramu 250 za adesi, unazitia kwenye sufuria pamoja na maji ujazo wa mara tatu yake, unabandika. Sufuria ya pili inabeba mchele. Hapo zimepita dakika tano, na sasa una dakika kumi huru za kunawa uso na kumbeba mtoto. Unaporudi, adesi zimeanza kulainika na kupoteza umbo. Unatia vikombe viwili vya rojo, unakoroga, unaonja na kukoleza. Mchele ukikauka, unauipua na kuuacha umefunikwa ili mvuke umalizie kuuivisha. Dakika tatu kabla ya kuipua adesi, unatia mafungu mawili ya spinachi iliyooshwa na kukatwa. Unaipua, na hapo ndipo unakamulia limau. Usilitie mapema, kwa kuwa vitamini C huharibiwa na moto, na katika mlo huu vitamini hiyo ina kazi maalumu ambayo nitaieleza baada ya kitambo. Ikifika saa moja kamili mko mezani. Gramu 250 za adesi kavu zina takriban gramu 60 za protini, ambazo zikigawiwa watu watano ni gramu 12 kwa kila mmoja, na hakuna nyama iliyotumika.

Jioni nyingine pasha vikombe viwili vya rojo kwenye kikaango kipana, chimba vishimo kwa kijiko, vunjia mayai humo, funika kwa dakika sita hadi nane. Kwa mtoto wa miaka miwili hakikisha hata kiini kimekauka. Mkate uliokuwa ukiula na mayai utaendelea kuula, ila sasa una mboga ndani yake, na ukichemsha njegere kikombe kimoja pembeni mlo umekamilika.

Tambi zako usiziache. Kaanga gramu 300 za nyama ya kusaga, tia rojo, kikombe kimoja cha maharage uliyoyaponda kwa uma, kabichi iliyokatwa nyembamba, kisha tambi fupi zikiwa mbichi na maji ya kuzifunika tu. Zikoroge mara mbili tatu ili zisishikane. Wanga unaotoka kwenye tambi hubaki humohumo na kuufanya mchuzi uwe mzito, na kwa dakika kumi na mbili hivi unaipua sufuria moja yenye kila kitu. Hutachuja maji, na sufuria ya kuosha ni moja. Mchanganyiko wa nyama kidogo na maharage mengi ninaupenda kwa sababu ya lishe pia, kwa kuwa nyama ikiwepo kwenye mlo humsaidia mtoto kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage yaliyo nayo sahani moja.

Samaki ni kitoweo cha haraka kuliko watu wanavyodhani. Minofu yenye unene wa sentimita mbili, ikilazwa juu ya viazi vilivyokatwa vidogo na vilivyokwisha kuiva kwenye rojo, ikafunikwa, huiva kwa dakika nane hadi kumi, na utajua imeiva ikiachia kwa uma na kupoteza ule mng'ao wa ubichi. Ikague mifupa kwa vidole kabla ya kumpakulia mdogo. Samaki wadogo wa kopo ambao mifupa yao imelainika kiasi cha kulika huleta na kalisi, na hao hawahitaji hata kupikwa, wanapashwa tu kwenye rojo.

Ukipanga jioni ya mayai, ya adesi, ya tambi, ya samaki, na ya maharage yaliyoungwa kwa rojo na kuliwa na wali au viazi, umemaliza siku tano za kazi. Ubandike mpango huo kwenye mlango wa friji. Usiogope kwamba watoto watachoka na mzunguko, kwa kuwa watoto wengi hupenda kujua kesho kuna nini, na wewe utakuwa umeziokoa zile dakika saba za kusimama mbele ya friji. Nyama au samaki wa kesho mtoe usiku wa leo umhamishie sehemu ya chini ya friji, akiwa kwenye bakuli ili maji yake yasichuruzike juu ya vyakula vingine. Ayeyuke humo, asiyeyukie nje juu ya meza.

Sasa nirudi kwenye lile limau, maana hapo ndipo lishe ya jioni inapoamuliwa. Wazazi wengi huniuliza kuhusu protini, na kwa watoto wanaokula mayai, maharage au samaki mara kwa mara mimi sina hofu nayo. Viwango vinavyotumika Marekani vinamtaka mtoto wa umri wa mdogo wako apate gramu 13 za protini kwa siku, wa kati gramu 19, na mkubwa gramu 34, wakati yai moja peke yake lina gramu 6 hivi na kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama gramu 15. Madini ya chuma ndiyo yanayopungua kimyakimya. Viwango hivyohivyo vinamtaka mtoto wa miaka 6 apate miligramu 10 kwa siku, zaidi ya kaka au dada yake wa miaka 11 anayehitaji 8, ingawa mkubwa anakula sahani kubwa zaidi. Chuma kilichomo kwenye mimea hufyonzwa kwa shida, lakini vitamini C ikiwa kwenye mlo huohuo ufyonzaji huo huongezeka. Limau juu ya adesi, vipande vya chungwa baada ya maharage, au pilipili hoho mbichi pembeni ya sahani vina kazi hiyo. Chai hufanya kinyume, kwa hiyo isiwe kinywaji cha mlo wa jioni kwa watoto, maji yanatosha. Na usiogope kutia mafuta kidogo kwenye karoti na mboga za majani, kwa sababu ile rangi yake ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A huhitaji mafuta ili ifyonzwe.

Kuhusu kiasi cha mboga, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unapendekeza mboga na matunda angalau gramu 250 kwa siku kwa watoto wa miaka 2 hadi 5, gramu 350 kwa wa miaka 6 hadi 9, na gramu 400 kuanzia miaka 10. Soma vizuri hapo: ni kwa siku nzima, na matunda yamo. Ukilazimisha mlo wa jioni ubebe kiasi chote hicho utajichosha bure. Tunda la asubuhi na la alasiri yakihesabiwa, jioni inabaki na deni dogo. Na mboga za kugandishwa usizidharau hata kidogo. Njegere huchovywa kwenye maji ya moto na kugandishwa muda mfupi baada ya kuvunwa, hivyo huhifadhi sehemu kubwa ya vitamini zake, wakati mboga mbichi iliyolala siku nne kwenye friji imekwisha kupoteza vitamini C nyingi, nayo bado inakudai dakika za kuiosha na kuichambua.

Mtoto wa kati asiyegusa mboga ananigusa sana, kwa sababu najua meza ya namna hiyo inavyokuwa: mzazi anabembeleza, mtoto anabana midomo, na kila mtu anamaliza mlo akiwa amechoka. Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani, aliweka mgawanyo wa majukumu ambao nimeutumia na familia nyingi: mzazi anaamua kile kitakacholiwa, wakati gani na wapi, naye mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Ni rahisi kuusema na ni mgumu kuufuata, hasa sehemu ile inayokutaka unyamaze. Unapakua mboga kijiko kimoja, pembeni ya kitu ambacho una hakika anakipenda, na hutamki neno lolote kuhusu mboga hiyo. Humwahidi kitu kitamu akiimaliza, maana ahadi hiyo inamfundisha kwamba mboga ni adhabu na kitamu ndicho chakula chenyewe. Asipoigusa, sahani inaondolewa bila lawama. Baada ya siku chache mboga ileile inarudi. Mtoto huweza kuhitaji kukutana na chakula kipya mara kumi, hata kumi na tano, kabla ya kukikubali, na wazazi wengi hukata tamaa ikiwa ya tatu au ya nne.

Hapohapo nakuomba usimpikie chakula chake peke yake. Jioni utakayopika vyakula viwili ndiyo itakayokurudisha kwenye saa nzima ya jikoni, naye atajifunza kwamba akigoma kuna sahani nyingine inakuja. Katika rojo lako mna karoti na hoho zilizosagika, atazila, na ni vyema. Ila akikuuliza mna nini, mwambie ukweli. Mtoto akigundua amefichiwa kitu kwenye chakula huanza kukipekua kila anachopewa, hata vile alivyokuwa akivila kwa furaha.

Kuna njia moja ambayo imewafaa wazazi wengi niliowashauri. Mtoto mwenye njaa ya saa kumi na mbili na nusu atakula chochote kilicho karibu, na kwa kawaida kilicho karibu ni biskuti. Ukiingia tu, wakati mchele unabandikwa, weka mezani sahani ya matango na nyanya zilizokatwa vijiti, pamoja na mtindi kidogo wa kuchovyea. Usiseme lolote. Njaa itafanya kazi ambayo maneno yako hayawezi kuifanya, na hata akishibia hapo, amekula mboga.

Yule wa miaka miwili anakula chakula chenu hichohicho, kwa masharti machache. Mpakulie kabla hujakoleza chumvi ya watu wazima, kwa kuwa hata mtu mzima anashauriwa asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na mtoto anahitaji chini ya hapo. Vitu vigumu au vya mviringo ndivyo vinavyoziba koo: karoti yake iwe imekunwa au imechemshwa ikalainika, zabibu zigawanywe mara nne kwa urefu, na karanga nzima asipewe mpaka atakapofika miaka mitano. Ale akiwa ameketi na kuna mtu mzima anamtazama, hata jioni ile ya haraka kuliko zote.

Umesema huna msaidizi, lakini umetaja watu wawili ambao sijawaona jikoni. Mtoto wa miaka 11 anaweza kuosha mchele, kukuna karoti, kuchambua spinachi na kupanga sahani, na akifundishwa vizuri anaweza kuibandika sufuria ya mchele akiwa na mtu mzima jirani. Mume wako akitangulia kufika, adesi zinaweza kuwa zimeshachemka utakapofungua mlango. Andika hatua kwenye karatasi ileile ya mpango wa wiki, ili atakayewahi aanze bila kukupigia simu.

Kwa wiki ya kwanza usijaribu yote haya kwa pamoja. Ijumaa usiku loweka gramu 500 za maharage. Jumamosi uyapike, utapata kama kilo moja na robo, nayo yagawe kwenye vikopo vinne. Rojo lifanye Jumamosi hiyohiyo au ulisogeze hadi Jumapili. Chagua jioni mbili tu, ya adesi na ya tambi za sufuria moja, na siku zilizobaki mle mkate na mayai yenu kwa amani, nyanya na tunda vikiwa mezani. Na kila kopo unaloligandisha liandike tarehe na kilichomo, kwa sababu vikishaganda, maharage na rojo hufanana kabisa, nawe utakuwa unatafuta kimoja wapo huku mtoto akiwa amekushika sketi.